Mwisho wa Mother India

Bibi yetu alizaliwa Pangani, akaolewa Tanga mjini, na katika maisha yake yote amependa picha moja tu: Mother India. Aliiona katika ukumbi wa Majestic akiwa bi harusi mpya, miaka michache baada ya picha hiyo kutoka mwaka 1957. Siku zile picha ilikuwa haikodiwi. Iko ukumbini, unaifuata; ikishapakiwa kwenda mji mwingine, unabaki na kile ulichokumbuka.

Bibi alikumbuka mengi. Jioni, akisuka ukili barazani, alitusimulia habari za Radha, mwanamke wa kijijini aliyeharibiwa maisha na deni la rupia 500. Alitusimulia mume aliyepondwa mikono na jiwe, akaondoka nyumbani usiku kwa haya. Alitusimulia Sukhilala, mkopeshaji, na Birju, mtoto mkorofi aliyeapa kulipiza kisasi. Kisha angeongeza habari aliyoipata mjini: kwamba Nargis, aliyecheza mama, mwaka uliofuata aliolewa na Sunil Dutt, yule yule aliyecheza mwanawe. Lakini akifika pale mama anapoinua bunduki kumlenga Birju, Bibi alinyamaza. "Hapo," alisema, "lazima mtu aone kwa macho yake."

Kwa hiyo sisi wajukuu tulikua na kisa kisicho na mwisho, na nyumba nzima ikaingia katika kuutafuta mwisho huo. Tuliutafuta kwa mkanda, kwa diski, kwa flashi na kwa simu. Kila chombo kilitupa njia mpya ya kuufikia, na kila kimoja kilikuja na ajali yake.

Mkanda

Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, deki za video zilianza kuingia mijini kupitia mabaharia na watu wenye ndugu Uarabuni. Sisi tuliletewa yetu na mjomba kutoka Dubai, pamoja na runinga. Huku bara hakukuwa na kituo cha televisheni. ITV ilikuja 1994. Ile runinga basi haikuwa na cha kuonyesha mpaka mtu aende laibrari.

Laibrari ya mtaa ilikuwa chumba kimoja Ngamiani, kuta zimejaa mikanda mpaka darini, na mwenyewe ameketi nyuma ya meza na kaunta buku. Anaandika jina lako, jina la mkanda na siku ya kurudisha. Ukiuleta mkanda bila kuurudisha nyuma hadi mwanzo, hakugombi. Anautia kwenye deki yake mbele ya macho yako, nawe unasimama hapo mpaka ufike mwanzo, wateja wengine wakikutazama.

Baba alitoa fedha ya mkanda mmoja kila Ijumaa. Mmoja, kwa nyumba nzima. Kaka alitaka mapigano, dada alitaka nyimbo, mama alitaka picha isiyo na mtu wa kuvua nguo mbele ya watoto. Tulianza kubishana Jumatano, na ilipofika Ijumaa alasiri kila mtu alikuwa amekwisha kuachia kitu. Zamu ya Bibi ilipofika aliwapa watoto, ila alimtaka anayekwenda laibrari aulize swali moja: Mother India ipo? Jibu lilikuwa haipo. Mwenye laibrari alijua swali hilo hata kabla hatujatoa salamu.

Mwaka 1992, mzigo wa mikanda ulipofika kutoka Mombasa, yeye mwenyewe alituma mtoto nyumbani. "Mwambieni Bibi imekuja."

Usiku ule mkeka haukutosha. Majirani walikuja na vigoda vyao, mama akapika kahawa, kashata zikapita mkono kwa mkono. Picha inakaribia saa tatu, na watu walikaa nayo wakilia na kufuta macho kwa ncha za kanga. Mwaka ule ulikuwa wa ukame na mgao wa umeme. Radha alipoinua bunduki, runinga ikazimika, na Ngamiani yote ikawa giza.

Watu walimgeukia Bibi. "Tumalizie basi, Bibi."

"Ngojeni umeme. Nyie mmefika hapa, mtaona wenyewe."

Tukangoja. Watoto wakalala palepale. Umeme uliporudi usiku wa manane, deki ikatoa sauti ya kusaga, na baba akaruka kuchomoa waya.

Ndani ya deki mkanda haubaki kwenye kasha lake. Unavutwa nje, ukazungushwa kwenye hedi, lile gurudumu la chuma linaloisoma picha. Umeme ukikatika, mkanda unabaki unaning'inia huko nje. Ukirudi, mashine inaukusanya kwa haraka, na gurudumu la kuukunja likiteleza, mkanda unaingia kwenye meno. Wakati huo wote wenye deki walijua maneno hayo: deki imekula mkanda.

Baada ya swala ya alfajiri baba alimleta fundi redio. Fundi alifungua mfuniko kwa bisibisi, na ule ukanda mweusi ukatoka kama utumbo wa samaki. Jirani mmoja alishika tochi. Mwingine alishikilia kasha. Kaka alipewa pamba na spiriti asafishe hedi. Dada, mwenye vidole vyembamba kuliko wote, ndiye aliyeunyoosha mkanda juu ya meza ya chakula, kidogo kidogo, asiuguse kwa kucha. Mkanda wa saa tatu una urefu wa zaidi ya mita 250, na sehemu kubwa ilikuwa salama. Kipande kimoja kilikuwa kimekatika vibaya.

"Mkono mmoja wa mkanda," fundi akasema akikipima toka bega hadi kiganjani. "Kama nusu dakika ya picha. Hiki hakiponi."

Akakitoa, akaunga ncha mbili kwa selotepu upande wa mgongo. Tukautia kwenye deki, watu wote wamesimama. Mama akainua bunduki. Ukapita mstari wa chenga nyeupe. Birju yuko chini, mama anamkimbilia.

Risasi ndiyo iliyokuwa katika kile kipande.

Hapo Bibi hakuwa na budi. Alisimama katikati ya chumba, akainua mikono kama mwenye bunduki, akatumalizia. "Ya kwanza aliifyatua hewani, mtoto asikie, ageuke. Hakugeuka. Ya pili ndiyo iliyompata." Mama yetu alilia upya. Hata fundi aliweka bisibisi chini.

Baba alimchukua fundi kama shahidi, wakaenda laibrari na mkanda. Kwa kawaida aliyeharibu mkanda aliulipa wote, na Mother India haikuwa ya bei ndogo. Mwenye laibrari aliutazama ukiunguruma mpaka pale penye chenga, akauliza yaliyotokea, akaelezwa na jinsi Bibi alivyomalizia. Alikaa kimya, akatoza ada ya kuchelewa tu. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kava: "Pana kovu karibu na mwisho. Ukifika hapo, muulize Bibi wa barabara ya nane."

Watu waliuliza kweli. Kwa miaka mingi, asubuhi ya Jumamosi au Jumapili ungesikia hodi, na mlangoni yuko mtu tusiyemjua, mkanda kwapani, anakwenda kuurudisha. "Shikamoo Bibi. Tumefika kwenye kovu." Naye Bibi aliacha alichokuwa akifanya, akasimama, akainua mikono. Alianza na ile ya hewani. Walikuja mafundi wa bandari, walikuja wanafunzi wa ualimu, alikuja bwana mmoja na mkewe waliokuwa wamenuniana, wakaondoka wakizungumza. Ujirani mwingi tulio nao mpaka leo ulianzia kwenye ile nusu dakika iliyopotea.

Diski ya tatu

Kaka alipata nafasi ya kusoma Marekani, Dallas, mji ambako Blockbuster ilifungua duka lake la kwanza mwaka 1985. Aliandika barua kwamba duka la kukodisha picha huko ni kubwa kama ghala la mkonge, na ukichelewesha mkanda unatozwa kwa kila siku. Baadaye aliandika kwamba kuna kampuni iitwayo Netflix, iliyoanzishwa 1997, inayowapelekea watu diski nyumbani kwa posta, na haitozi faini ya kuchelewa. Mama aliisoma sehemu hiyo kwa sauti. "Na wanazirudisha?" "Wanazirudisha." Mama alifurahi kusikia hivyo kuhusu watu wa nchi ya mbali.

Kwetu diski ziliingia kwa mlango mwingine. Zilikuwa rahisi, nyingi, na laibrari ikazijaza haraka. Vijana walizifuata zile za msimuliaji Lufufu, zilizosimuliwa kwa Kiswahili, na mikanda ikasukumwa rafu za juu. Diski moja ya namna ile ilibeba kama saa moja na robo tu, kwa hiyo Mother India ilikuja kwa diski tatu. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba baba hakuikodi. Aliinunua, ikawa mali ya nyumba, na jina letu halikuandikwa popote.

Jambo hilo dogo lilizaa kesi kubwa. Kitu cha laibrari kilikuwa na siku ya kurudi, na kila mtu alikilinda kwa sababu ya siku hiyo. Kitu chetu hakikuwa na siku. Shangazi wa Muheza alikuja kutazama ndugu, akaondoka na zile diski kwa nia njema ya kuwaonyesha wanawe, nazo zikazunguka Muheza nzima. Ziliporudi, ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili ina alama ya chai, ya tatu imechanwachanwa. Tulijaribu kila dawa tuliyosikia: kuiosha kwa sabuni, kuipaka dawa ya meno, kuifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Picha ilikwenda mpaka bunduki inainuliwa, ikaganda. Vikabaki vijumba vya rangi kwenye skrini.

Mama alimwambia shangazi neno zito. Shangazi alijibu kwamba hakujua kama kuna hesabu kati ya ndugu. Wakanuniana mpaka harusi ya binti wa shangazi, ambako Bibi aliwakalisha mkeka mmoja. Aliwaambia kosa si la Muheza wala la Tanga. Kitu kinachotoka nyumbani bila kuandikwa kinarudi na ugomvi. Kisha, mbele ya wageni wa harusi, akawamalizia mwisho.

Flashi

Blockbuster ilifilisika mwaka 2010. Laibrari yetu haikufilisika, ilibadilika umbo. Rafu ziliondolewa, ikabaki kompyuta moja, na mtoto wa mwenye laibrari akiuliza, "Flashi yako ina nafasi gani?" Watu walikwenda na flashi, wakajaziwa picha nyingi kwa fedha iliyokuwa ikikodi chache. Tulizipeleka nyumbani, tukazichomeka kwenye deki mpya, na hakuna aliyerudisha kitu, kwani hapakuwa na cha kurudisha.

Ilikuwa neema, na neema hiyo ilikuwa na majeruhi. Wasanii wetu, kizazi cha akina Steven Kanumba, walikuwa wamejenga soko la filamu za Kiswahili kwa kuuza diski. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutaka stempu za kodi kwenye diski za muziki na filamu ili halali itofautishwe na ya wizi, lakini stempu huwezi kuibandika kwenye picha iliyo ndani ya flashi. Bibi, ambaye hakuwahi kuchelewesha ada ya mkanda, aliuliza kila mara, "Na aliyecheza anapata nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Naam, Mother India ilikuwamo kwenye ile kompyuta. Mpwa wangu aliichukua, na akiwa na haraka ya kuwahi madrasa akaichomoa flashi kabla haijamaliza kunakili. Tuliitazama jioni. Bunduki ikainuliwa, ujumbe ukatokea kwamba faili halisomeki. Tungeweza kurudi kesho yake kuijaza upya, lakini kulikuwa na picha nyingine nyingi mle ndani, na kila mtu akaendelea na yake. Ndivyo wingi ulivyotufanyia: kitu kikikatika, hatukuona haja ya kukiunga.

Bando

Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, simu za kugusa zikafuata, na Januari 2016 Netflix ikafunguliwa kwa nchi nyingi kwa mpigo, Tanzania ikiwamo. Sasa Bibi amepita miaka 80. Siku moja binti yangu aliandika jina la ile picha kwenye simu, na picha nzima ikaja kabla Bibi hajamaliza kutafuta miwani. Tuliunganisha simu na runinga kwa waya. Nilikuwa nimenunua bando kubwa, la kutosha usiku ule na ziada.

Bunduki ilipoinuliwa, duara dogo likaanza kuzunguka. Bando limeisha.

Hapo palitokea kitu ambacho nyumba yetu haikuwahi kukiona. Hakuna aliyesimama kushika tochi. Kila mmoja alitazama simu yake, kisha akatazama ya mwenzake. Nani alikuwa amejiunga na mtandao wangu? Mpwa alisema si yeye. Kijana wangu wa mwisho alisema aliangalia mpira "kidogo tu". Binti alisema simu yake ilikuwa inasasisha programu yenyewe, hakuiambia. Mke wangu aliuliza kwa nini neno la siri analijua hata mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani, aliyekuwa amekaa mlangoni, akaondoka bila kuaga. Kesho yake nilibadilisha neno la siri, vijana wakaona nimewadhania wizi, na jioni zikapita kila mtu chumbani kwake na visikilizio masikioni.

Niliwaza sana juu ya jambo hilo, na bado naliwaza. Hasara ya bando ilikuwa ndogo kuliko ya mkanda. Lakini mkanda uliokatika ulikuwa juu ya meza, unaonekana, na kila mtu alikuwa na cha kufanya: kushika, kufuta, kunyoosha. Bando halionekani likiliwa. Halina kidonda cha kushika, na kwa sababu hiyo macho yanakwenda kwa mtu. Teknolojia imetuondolea ajali za vitu, ambazo mikono mingi ilizitibu, ikatuletea ajali za hesabu, ambazo zinatibiwa na mwenye fedha peke yake. Nyumba isiposhika jambo hili mapema, itakuwa na picha zote duniani na haitakuwa na usiku mmoja wa kuzitazama.

Bibi ndiye aliyetutoa. Aliita kila mtu barazani, mtoto wa jirani akafuatwa kwao. "Deki ilipokula mkanda," alisema, "tulijua nani kala, tukamfungua kwa bisibisi. Hili bando lifungueni na nyie nilione." Binti yangu alifungua simu, akamwonyesha orodha: programu hii imekula kiasi hiki, ile kiasi kile. Iliyokula kuliko zote ilikuwa ni kule kujisasisha kwa simu, bila mkono wa mtu. Vijana walimtazama mama yao, kisha wakanitazama. Kijana wa mwisho akaomba radhi kwa ule mpira. Mke wangu akamkaribisha mtoto wa jirani ndani, akampa sahani.

Ijumaa iliyofuata vijana walizima mitandao yao wenyewe. Bunduki ikainuliwa. Tuliona tusichowahi kukiona: mlio mmoja, Birju anaanguka kutoka kwenye farasi, mama anamkimbilia na kumkumbatia. Kisha picha ikarudi kwenye mfereji mpya wa maji unaofunguliwa kijijini, maji yakatoka mekundu, yakaenda mashambani.

Risasi ilikuwa moja. Binti yangu alimgeukia Bibi. "Bibi, ile ya hewani iko wapi?"

Bibi alichukua muda. "Haikuwamo," akasema. "Hata Majestic haikuwamo. Nilikesha usiku kucha nikiwaza, mama gani anafyatua ya kwanza kwa mwanawe? Watu walipokuja kuniuliza, nikampa nafasi moja zaidi. Nilikuwa nimeshazaa, nikaona ni haki yake."

Hakuna aliyesema picha ya Bibi ni ya uongo. Mpwa alisema yeye anaipenda ile ya barabara ya nane, na wengine wakasema hivyo hivyo. Nami nikaelewa kwa nini mwenye laibrari hakutoza mkanda mzima: alijua kwamba kovu lile limeipa picha mahali pa kukaa mtaani kwetu. Picha iliyo kamili haimhitaji mtu wa kuimalizia. Ikishafika kwenye simu inaweza kutazamwa na mmoja hadi mwisho, na asiwe na sababu ya kugonga mlango wa mtu. Sababu hiyo inabidi tuiweke sisi.

Tumeiweka hivi. Fedha ya bando la Ijumaa inachangwa na kila anayepata kipato, na inatangazwa mezani. Kuna daftari, linaandikwa nani kachagua nini, na zamu hairukwi, hata ya mtoto. Picha ya Kiswahili tunailipia kwa njia halali, ili lile swali la Bibi lipate jibu. Na jirani mmoja lazima aitwe. Ijumaa hii zamu ni ya mtoto wa jirani. Amechagua picha ndefu ya vita ambayo mke wangu haipendi, na ameshaambiwa atatazama kwanza yeye na Bibi kama inafaa watoto, kisha tutakaa.